SOMO LA WANACHAMA: KUSOMA BARUA ZA SIMU ZILIZOKATWA MANENO



Katika kurasa hizi tumezoea kufundishana mambo ya shamba: namna ya kuanika, namna ya kutenga makonyo na karafuu, na namna ya kuitunza miche isife kwa jua. Safari hii tumeacha nafasi kwa somo la namna nyingine, ambalo wanachama wengi walio wazee wametutaka tuliandike. Nalo ni somo la kusoma khati fupi ambazo watoto na wajukuu wetu hutuletea kwa simu ya mkononi.

Shida yenyewe yajulikana. Mzee hupokea maneno katika simu yake. Herufi azijua zote, maana skuli alipita na chuoni alipita. Lakini akiziunganisha hazitoi neno. Aona "bb", aona "kbs", aona tarakimu ya 2 katikati ya neno, kana kwamba mtoto alikuwa akifanya hesabu. Wako wanaompa mtoto wa jirani simu awasomee, na siri ya nyumba ikatoka nje. Wako wanaokasirika kwa kudhani wamedharauliwa. Na wako, ambao ndio tunaowakhofia zaidi, wanaokisia maana tu, kisha wakatenda kwa kukisia.

Mifano yetu yote katika somo hili tumeifanya kama kwamba yatoka Mpanda, mji mkuu wa mkoa wa Katavi. Tumeichagua Mpanda kwa sababu ya umbali wake. Mtu anayetoka kisiwani kwetu kwenda huko hana budi avuke bahari mpaka Dar es Salaam, na akipenda kwenda kwa gari la moshi, ashike Reli ya Kati mpaka Tabora na Kaliua, kisha aingie tawi la reli linalokwenda kusini. Tawi hilo lilifika Mpanda mwaka 1950, kwa ajili ya kuchukua madini ya risasi yaliyochimbwa huko. Mkoa wenyewe ni mpya. Ulikatwa katika mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Mzazi aliye Pemba ambaye mwanawe yuko kazini Mpanda hawezi kutoka baada ya sala ya alasiri akenda kumwuliza, "Mwanangu, ulikusudia nini?" Baina yao iko simu tu. Basi akishindwa kuisoma, ni kama aliyekatikiwa na njia.

KWA NINI WAKATA MANENO

Kwanza tufahamu asili ya jambo hili, maana mtu akiijua sababu hasira hupungua.

Mwaka 1985 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Friedhelm Hillebrand, alikuwa akitafuta kipimo cha ujumbe mfupi wa kupelekwa kwa simu. Alitazama kadi za posta na sentensi za kawaida, akahesabu herufi, akaona kuwa herufi 160 zatosha kueleza haja ya mtu. Kipimo hicho ndicho kilichoshikwa, na nafasi iliyo baina ya neno na neno nayo huhesabiwa kuwa herufi. Ujumbe wa kwanza wa namna hii ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na Neil Papworth, nao ulikuwa salamu za Krismasi tu.

Ujumbe ukizidi kipimo, simu huukata ukawa miwili, na malipo huwa ya miwili. Tena, ukitia ndani yake hata herufi moja ya Kiarabu, au picha moja ndogo ya uso unaocheka, kipimo chashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Kwa hiyo vijana walijifunza kubana maneno kama vile zamani watu walivyoyabana katika telegramu, iliyotozwa kwa kuhesabu maneno. Aliyepeleka telegramu ya msiba hakuandika salamu wala pole. Aliandika "BABA MGONJWA NJOO", na hapana aliyemwita mtovu wa adabu.

Sababu ya pili ni vidole. Katika simu za vitufe, herufi tatu au nne hukaa kitufe kimoja. Kuipata herufi s lazima ubonyeze kitufe cha 7 mara nne. Lakini herufi x waipata kwa kubonyeza kitufe cha 9 mara mbili tu. Basi anayeandika "xaxa" badala ya "sasa" amejipunguzia mibonyezo minne katika neno moja. Leo simu nyingi ni za kioo na herufi zote ziko mbele ya macho, wala malipo si kama ya zamani. Lakini mazoea yamebaki, nayo yamekuwa pambo la ujana.

JAMBO HILI SI GENI KWETU

Sasa twataka kuwaambia wazee wetu jambo la kuwatia moyo. Elimu ya kusoma maneno yaliyopungua herufi wanayo tangu utotoni.

Tuliosoma chuoni twajua kuwa herufi za Kiarabu peke yake hazitoi sauti kamili. Sauti hutolewa na irabu za juu na chini. Herufi tatu, kaf, ta na ba, bila ya irabu zaweza kusomwa "kataba", yaani aliandika. Au "kutiba", yaani iliandikwa. Au "kutub", yaani vitabu. Anayejua lugha huyatazama maneno ya kabla na ya baada, akajua lipi lililokusudiwa.

Misahafu ya zama za mwanzo haikuwa na irabu hizi tuzionazo leo. Waliohifadhi hawakuzihitaji. Uislamu ulipoenea kwa watu wasiokuwa Waarabu, wakaanza kukosea, ndipo alama zikatiwa. Abul Aswad ad-Dualy wa Basra ndiye atajwaye kuwa mwanzilishi wa kazi hiyo, na baada yake al-Khalil bin Ahmad akazitengeneza alama za fat-ha, kasra na dhumma tunazozijua.

Na Kiswahili chetu kiliandikwa kwa herufi hizo hizo kwa muda mrefu. Ziko barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, ambazo zimehifadhiwa Goa, nazo ni za herufi za Kiarabu. Katika khati hiyo ya zamani alama moja ya kasra ilisimama mahali pa i na mahali pa e, na dhumma ilisimama mahali pa u na mahali pa o. Msomaji alijua mwenyewe, kwa sababu alimjua mwandishi na aliijua khabari.

Basi mtoto anayeandika "kbs" amefanya jambo lile lile. Ameandika mifupa, nyama ameiacha uitie wewe. Mzee aliyeweza kusoma barua ya marehemu babu yake isiyokuwa na irabu, hatashindwa na ya mjukuu wake.

KANUNI NNE

Tumeyatazama maneno mengi ya namna hii, tukaona kuwa yaingia katika kanuni nne.

Kanuni ya kwanza: irabu huondoka, na konsonanti hubaki. Hbr ni habari. Lkn ni lakini. Kbs ni kabisa. Ktk ni katika. Bdo ni bado. Mzm ni mzima. Jmn ni jamani. Sw ni sawa. Asnt ni asante. Slm ni salaam. Ukikwama, litamke neno taratibu, ukijaribu irabu moja moja, kama mwanafunzi wa chuoni anayeunganisha.

Kanuni ya pili: herufi hutumika kwa jina lake la Kiingereza. Herufi c kwa Kiingereza huitwa "si". Kwa hiyo cjui ni sijui, cna ni sina, cku ni siku, na cm ni simu.

Kanuni ya tatu: tarakimu hutumika kwa sauti yake, nayo pia kwa Kiingereza. Tarakimu ya 2 huitwa "tu". Basi m2 ni mtu, wa2 ni watu, ki2 ni kitu, 2po ni tupo, na 2taonana ni tutaonana. Ukisoma "wa2 weng" usidhani ni watu wawili. Ni watu wengi. Lakini angalieni: jamaa zetu walioko Maskati na kwengineko Ghuba nao hutia tarakimu katika maneno, ila kwa hesabu nyingine. Wao huitumia 7 mahali pa ha ya "habibi", hutumia 3 mahali pa ain, na hutumia 2 mahali pa hamza, kwa kuwa tarakimu hizo zafanana kidogo na herufi zenyewe kwa sura. Kwa hiyo tarakimu ile ile ya 2 ikitoka Mpanda ni "tu", na ikitoka Maskati ni hamza. Tazama kwanza ni nani aliyeandika.

Kanuni ya nne: herufi moja husimama mahali pa nyingine, hasa x mahali pa s. Xana ni sana. Xaxa ni sasa. Mxhahara ni mshahara.

Zaidi ya kanuni hizi yako maneno ya Kiingereza yaliyofupishwa kwa kuchukua herufi za mwanzo. LOL maana yake nacheka kwa sauti. OMG ni kustaajabu, kama tusemavyo "Ee Mungu wangu". HBD ni pongezi ya siku ya kuzaliwa. PLS ni tafadhali, THX ni asante, na MSG ni ujumbe. Haya hayana njia ila kuyahifadhi, nayo si mageni kwetu kwa namna yake: sisi wenyewe twaandika S.L.P. tukikusudia Sanduku la Posta, na kutwa twasema ZSTC bila ya kulitaja jina zima la shirika.

BARUA YA MFANO

Tuchukue kijana wa kisiwa hiki aliye kazini Mpanda. Amwandikia baba yake hivi:

"Slm bb. Hbr za uko? Mm mzm kbs. Huku Mpnd mvua imenyesha xana, wa2 wanalima mpunga. Mxhahara bdo, nmechacha kdg lkn mcjali. Nxalimie mm. Ntapga cm bdae."

Tuisome kwa kanuni zetu: "Salaam baba. Habari za huko? Mimi mzima kabisa. Huku Mpanda mvua imenyesha sana, watu wanalima mpunga. Mshahara bado, nimechacha kidogo lakini msijali. Nisalimie mama. Nitapiga simu baadaye."

Sasa tazameni "mm". Imetajwa mara mbili, na kila mara kwa maana yake. Mara ya kwanza ni "mimi", mara ya pili ni "mama". Tumejuaje? Kwa kutazama khabari. Kijana yuko Mpanda na mama yuko Pemba. Hawezi yeye kumweleza baba kuwa mama ni mzima, hali baba na mama wakaa nyumba moja. Na salamu hapelekewi mtu mwenyewe, hupelekewa mwingine. Basi "nxalimie mm" haiwezi kuwa mimi.

Vivyo hivyo "bb" yaweza kuwa baba, babu au bibi. Hapa, ikiwa simu ni ya baba peke yake, ni baba. Lakini nyumba nyingi simu moja hutumiwa na watu watatu. Na fikirini kama ujumbe ungekuwa maneno mawili tu: "Mm mgnjw." Ni yeye mgonjwa, au amesikia kuwa mama ni mgonjwa? Hapo khabari haina kabla wala baada, na elimu ya kukisia imefika mwisho wake. Hapo ni kupiga simu na kusikia sauti.

MANENO YA MITAANI

Lipo neno moja katika barua ile ambalo kanuni zetu hazikulitibu: "nimechacha". Herufi zake zote zipo, lakini mzee atauliza, kijana huchachaje kama uji uliolala? Hili ni neno la mitaani, na maana yake ni kuishiwa na fedha. Yako na mengine ya maana hiyo hiyo: "nimefulia", ambayo haina sabuni wala nguo ndani yake; na "nimepigika", ambayo haina fimbo. Mama mmoja mwenye khofu akiisoma "nmepigika" usiku, atakesha akidhani mwanawe amepigwa na watu, kumbe ni mfuko mtupu.

Lakini "nimepigwa" ni neno la kuangaliwa sana, kwa kuwa yaweza kuwa amepigwa kweli, na yaweza kuwa ametapeliwa fedha zake. Hapo usikisie, uliza.

Mengine ya kujua ni haya. Mshua na dingi ni baba. Maza ni mama. Mishemishe ni shughuli za kutafuta riziki. Mchongo ni nafasi ya kazi au biashara. Kusepa ni kuondoka. Kuzingua ni kusumbua au kuharibu mambo. Poa na freshi ni salama. Noma yaweza kuwa jambo baya, na yaweza kuwa jambo zuri mno. Hupambanuliwa na khabari yenyewe.

Msishangae kuwa kijana aliyetoka hapa akisema Kipemba safi sasa aandika maneno hayo. Mpanda ni mji wa mchanganyiko. Wako Wabende, Wapimbwe, Wafipa na Wasukuma. Karibu yake ziko Katumba na Mishamo, walikokaa watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 na ambao wengi wao walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Wachimbaji wa dhahabu nao huja kutoka kila upande. Watu wa namna mbalimbali wakikutana, Kiswahili ndicho sokoni pao, na kila mmoja huleta kikapu chake cha maneno.

Viko pia vijipicha vidogo, viitwavyo emoji, jina la Kijapani. Uso unaotoa machozi kwa kucheka ni kicheko, si kilio. Ukitazama mdomo utaona wacheka. Viganja viwili vilivyoshikana huwa ni kuomba au kushukuru. Na fuvu la kichwa, ambalo huwatisha wazee wengi, kwa vijana mara nyingi maana yake ni "nimekufa kwa kucheka". Mjukuu akikuletea fuvu baada ya kumsimulia kisa cha mbuzi aliyeingia jikoni, hakukuapiza, amefurahi.

JE, NI UTOVU WA ADABU?

Wanachama wametuuliza swali hili zaidi ya mengine. Twajibu kwa insafu. Kukata maneno peke yake si utovu wa adabu, kama telegramu haikuwa utovu wa adabu. Mtoto anayeanza kwa "Slm bb" ametoa salamu. Hakika ameitoa nyembamba, lakini ameitoa. Mtoto anayejibu "Sw" amesema "Sawa". Tusiwahukumu kwa irabu zilizopotea.

Lakini upande wa pili nao una haki yake. Tumesema kuwa irabu zilitiwa katika misahafu pale walipopatikana wasomaji waliozihitaji. Haikuwa aibu kwa wasomaji wale, na wala haikuonekana kuwa ni kuishusha khati. Basi mzee naye ana haki ya kumwambia mwanawe: "Mwanangu, ukiniandikia mimi, nitilie irabu." Maneno haya yasemwe kwa upole, mara moja, na mtoto mwema atafahamu. Akisahau, kumbusheni. Kuuliza si ujinga, na kuomba kuandikiwa neno zima si ujinga pia.

HATARI ILIYOMO

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuliandike somo hili kabla ya msimu, wala si baada yake.

Tangu mwaka 2008 simu katika nchi yetu imekuwa pia mkoba wa fedha. Karafuu zikishauzwa, fedha hupita humo: malipo ya wachumaji, ada za watoto, msaada kwa jamaa. Na wezi wayajua haya. Umeenea ujumbe mmoja ambao bila shaka wengi wenu mmeshaupokea:

"Ile hela itume kwenye namba hii, ile laini yangu ina matatizo."

Utazameni ujumbe huu vizuri. Haumtaji anayepelekewa. Haumtaji anayepeleka. Haisemwi ni hela gani wala ni ya nini. Mwizi hakujui wewe wala hamjui mwanao. Ameupeleka ujumbe ule ule kwa watu wengi, kama mvuvi atupaye ndoano penye maji asiyoyaona ndani. Lakini mzee ambaye jana tu aliahidi kumpelekea mwanawe wa Mpanda shilingi kidogo, akisoma "ile hela", moyo wake humalizia mwenyewe: "Ni mwanangu huyu, na hela ni ile tuliyoizungumza." Kilichokosekana katika ujumbe amekitia yeye.

Hapo ndipo ilipo shabaha ya somo letu. Ustadi ule ule unaomwezesha mzee kusoma "kbs" kuwa "kabisa", yaani kujaza kilichoachwa, ndio mwizi anaoutegemea. Mtoto huacha irabu, nawe wazijaza, na khasara haipo. Mwizi huacha jina, nawe walijaza jina la mwanao, na fedha imekwenda. Karafuu mpeta ikiwa juu ya jamvi pamoja na nyingine, kwa mbali zote ni karafuu. Mjuzi huichukua mkononi ndipo aitambue. Na ujumbe wa fedha usisomwe kwa mbali.

Basi twashauri hivi:

1. Ujumbe wowote unaotaja fedha, usijaze kitu ndani yake. Kama haukutaja jina, hauna jina. Kama haukutaja haja, hauna haja.

2. Mpigie mwanao kwa namba yake ya siku zote, ile iliyomo katika simu yako. Usiipigie namba iliyotajwa katika ujumbe, maana atakayepokea ni yule yule aliyekuandikia.

3. Kama hapatikani, ngoja. Mpigie jamaa mwingine amjuaye. Hata ukiambiwa mtoto amelazwa na daktari ataka fedha saa hii hii, kwanza itafute sauti ya mtu umjuaye. Haraka ndiyo silaha kubwa ya tapeli.

4. Wekeni neno la nyumbani, ambalo wajua ninyi wawili tu: jina la mkarafuu wa nyuma ya nyumba, au jina la mbuzi aliyekufa zamani. Anayetaka fedha kwa namba mpya aulizwe neno hilo.

5. Kabla ya kuthibitisha kupeleka fedha, soma jina ambalo simu yakuonyesha. Likiwa si la umjuaye, simamisha.

6. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema ni mfanyakazi wa kampuni ya simu.

7. Ujumbe wa kitapeli upelekeni kwa namba 15040, pamoja na namba ya aliyeuleta. Hiyo ni namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa kazi hiyo. Na ukibonyeza *106# waweza kutazama laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukakuta mtu mwingine atembea na jina lako.

Watoto nao walio mbali wasomewe mashauri haya. Kijana wa Mpanda anapotaka msaada nyumbani, asiandike "Bb nitumie hl xaxa hv". Aandike maneno mazima, ajitaje jina, aitaje haja yake, na bora zaidi apige simu. Akifanya hivyo amewasaidia wazee wake kumtambua baina yake na mwizi.

MAJARIBIO

Wanachama wajaribu kusoma haya yafuatayo, kisha watazame majibu yaliyo chini. Anayeweza kusoma manne katika matano amefuzu.

1. "Cjui ki2 jmn."
2. "2taonana cku ya iddi."
3. "Bb mkubwa hajambo? Mxalimie xana."
4. "Nmefulia, lkn mchongo upo."
5. "Mzee ile pesa weka kwa namba hii jina litakuja Fulani."

Majibu. La kwanza: Sijui kitu, jamani. La pili: Tutaonana siku ya Iddi. La tatu: Bibi mkubwa hajambo? Msalimie sana, ila kama nyumbani yuko baba mkubwa, uliza kwanza ni nani anayesalimiwa. La nne: Nimeishiwa na fedha, lakini ipo nafasi ya kazi au biashara. La tano: herufi zote zimetimia na hapana lililokatwa, lakini huo ndio ujumbe usiopasa kujibiwa.

Aliyeshindwa asione haya kuja afisini siku yoyote ya kazi na simu yake. Tutakaa naye tumwelekeze, na yaliyomo ndani ya simu yatabaki kuwa yake. Na mwenye maneno mengine ya vijana asiyoyafahamu atuletee, tuyaongeze katika orodha ya toleo lijalo.

Twawatakia msimu mwema na mavuno ya kheri.

Katibu wa Chama